Kompyuta Imeungua kwa Joto: Tununue Kipuri Gani?



Umeme umefika katika vijiji vingi, na pamoja na umeme, kompyuta nayo imefika. Leo utaikuta katika ofisi ya chama cha ushirika, katika shule ya sekondari ya kata, katika zahanati, na hata katika kibanda cha kuchapa barua pale senta. Ni chombo cha kazi kama mizani au cherehani. Na kama chombo kingine chochote, nayo huharibika.

Ugonjwa mmoja unaozipata kompyuta nyingi za vijijini ni joto. Katika makala hii tutaeleza mambo matatu. Kwanza, joto linaharibu nini ndani ya kompyuta ya mezani. Pili, namna ya kujua ni kipuri gani kimekufa. Tatu, namna ya kuchagua kipuri dukani bila kupoteza fedha. Si lazima uwe fundi. Ukijua kusoma herufi na namba zilizoandikwa kwenye kipuri, umekwisha shika nusu ya kazi.

YALIYOTOKEA KATIKA OFISI YA CHAMA

Katika kijiji kimoja cha wakulima wa pamba, huku Kanda ya Ziwa, chama cha msingi kina kompyuta moja ya mezani. Humo ndimo zinamoandikwa kilo za pamba za kila mkulima na fedha anazodai. Kompyuta hiyo ilikuwa sakafuni, chini ya meza, karibu na mlango wa ghala. Mtunza fedha wa chama ni mama mmoja aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima. Yeye aliifunika kompyuta kwa kitambaa kizuri cha kufuma ili vumbi lisiingie.

Siku moja mchana, watu wakiwa katika foleni ya kupima pamba, kompyuta ilizimika. Wakaiwasha, ikawaka. Baada ya dakika kumi ikazimika tena. Waliendelea hivyo siku tatu, washa, zima, washa, zima. Siku ya nne haikuwaka kabisa. Ikatoa harufu ya kuungua.

Wakulima wakaanza kunong'ona: "Hesabu zetu zimekwenda na moshi."

Fundi akaitwa kutoka mjini. Hakufungua hata skrubu moja. Alinusa tu, akatikisa kichwa, akasema: "Vyote vimeungua. Madabodi, prosesa, pawa saplai, diski, vyote. Nipeni fedha nikavinunue."

Mama mtunza fedha akamwuliza: "Mwanangu, umejuaje kwamba vyote vimekufa?"

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

"Sawa, mwanangu. Lakini fedha ni za wanachama. Kwenye mkutano nitawaambia nini?"

Fundi hakuwa na jibu. Mwenyekiti akaamua wangoje kwanza. Wiki ile nilikuwa ninakagua madarasa ya kisomo katika kata hiyo, wakanieleza habari yote. Tukamwomba mwalimu wa sekondari anayejua ufundi wa kompyuta aje aifungue mbele yetu.

Tulichokiona ni hiki. Nyuzi za pamba na vumbi vimeshonana ndani kama godoro. Feni haizunguki. Pawa saplai imeungua kweli. Lakini madabodi ilikuwa nzima, prosesa ilikuwa nzima, na diski nayo ilikuwa nzima. Hesabu za wakulima zilikuwemo zote.

Chama kilinunua vitu vitatu tu: pawa saplai, feni, na kichupa kidogo cha pesti ya joto. Kompyuta ikarudi kazini. Swali la yule mama liliokoa fedha za wanachama. Swali lenyewe ni neno moja: Umejuaje?

KOMPYUTA HUPOAJE?

Tazama injini ya pikipiki. Utaona ina mapezi ya chuma. Mapezi yale huchukua joto la injini na kulitoa nje kwa upepo. Ukiyajaza matope, injini itachemka.

Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Ndani yake kuna kipande kidogo, bapa, kinachofanya hesabu zote. Hicho ndicho prosesa. Kikifanya kazi hutoa joto jingi. Juu yake pamewekwa mapezi ya alumini, na juu ya mapezi pana feni. Kati ya prosesa na mapezi hupakwa pesti nyembamba, inayosaidia joto lipite vizuri.

Joto la mwili wa mtu mwenye afya ni digrii 37 hivi. Prosesa ikiwa kazini huweza kuwa na digrii 50, 60 au 70 bila kudhurika. Lakini vumbi likijaa kati ya mapezi, au feni ikikwama, au pesti ikikauka, joto hupanda mpaka karibu na digrii 100. Hapo ni sawa na maji yanayochemka.

Sasa sikiliza jambo ambalo mafundi wengi hawakuambii. Prosesa nyingi za siku hizi zina ulinzi wake. Joto likizidi, kwanza hupunguza mwendo, na kompyuta inakuwa nzito kama punda aliyechoka. Joto likizidi tena, kompyuta hujizima yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo, kompyuta inayojizima na ikipoa ikawaka haijafa. Inaomba msaada. Ukiendelea kuilazimisha, ndipo unapoviua vipuri vingine vilivyo karibu nayo.

UGONJWA KWANZA, DAWA BAADAYE

Kanuni ya kwanza: usinunue kipuri kabla ya kujua joto limetoka wapi. Ukinunua pawa saplai mpya na kuiweka ndani ya lile lile vumbi, nayo itaungua. Ni sawa na kununua chandarua kingine kabla ya kumwondoa panya anayekitoboa.

Jiulize:

Je, matundu ya hewa yamezibwa na vumbi, nguo au ukuta?
Je, feni zote zinazunguka?
Je, pesti imekauka kama udongo?
Je, kompyuta iko chini ya bati lenye joto kali, au juani karibu na dirisha?

Mara nyingi dawa ya kwanza haina gharama kubwa. Ni brashi laini, pesti mpya, na feni moja.

KABLA YA KUFUNGUA

Zima kompyuta. Chomoa waya kutoka ukutani. Acha ipoe. Gusa chuma cha kasha lake kwa mkono mtupu kabla ya kugusa vipuri vya ndani, maana mwili wa mtu huweza kuwa na umeme mdogo usioonekana, nao hudhuru vipuri. Safisha kwa brashi laini iliyo kavu. Shika feni kwa kidole isizunguke ovyo unapoisafisha.

Angalizo kubwa: usifungue kamwe kisanduku cha pawa saplai. Ndani yake umeme hubaki hata baada ya kuchomoa waya. Unaweza kumwua mtu. Pawa saplai iliyoungua haifunguliwi ofisini. Hubadilishwa nzima.

Jambo la pili ni hesabu zenu. Kipuri kinachotunza kumbukumbu ni diski. Madabodi hununuliwa, pawa saplai hununuliwa, lakini hesabu za wakulima haziuzwi duka lolote. Kwa hiyo, kompyuta ikipelekwa mjini kwa matengenezo, mwombe fundi mnayemwamini aitoe diski mbele yenu, nanyi mbaki nayo ofisini. Fundi anaweza kuijaribu kompyuta kwa diski nyingine. Na mtu akikuambia diski imekufa, mwambie akurudishie hiyo hiyo iliyokufa. Namba yake iandike daftarini kabla haijaondoka.

DALILI NA MAANA YAKE

Mganga mzuri hasemi mgonjwa anaumwa kila kitu. Huangalia dalili. Nasi tuziangalie.

1. Kompyuta inawaka, baada ya muda inajizima, ikipoa inawaka tena. Mara nyingi hakuna kilichokufa isipokuwa feni au pesti. Safisha, badilisha pesti, angalia feni.

2. Haiwaki kabisa. Hakuna taa, hakuna feni inayozunguka. Kwanza chomeka taa au redio kwenye soketi ile ile ya ukutani uone kama umeme upo. Kisha jaribu waya mwingine. Kama bado, shuku pawa saplai.

3. Feni zinazunguka lakini kioo ni cheusi, au kompyuta inalia pi-pi-pi. Angalia waya wa kioo. Kisha shuku ramu. Ramu ni kibao chembamba kinachoshika kazi ya wakati ule. Mara nyingine joto na vumbi hulegeza tu mguso wake. Ichomoe, ifute miguu yake kwa kitambaa kikavu na safi, irudishe mpaka ibane.

4. Umejaribu yote hayo na bado. Angalia madabodi, yaani ule ubao mkuu unaobeba vipuri vyote. Juu yake kuna vipipa vidogo vilivyosimama, vinaitwa kapasita. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Kapasita iliyouawa na joto huvimba kichwa kama andazi, au hutoa uchafu wa rangi ya kahawia. Ukiona hivyo, madabodi ni mgonjwa.

5. Kompyuta inafanya kazi lakini kila asubuhi imesahau saa na tarehe. Usishtuke. Ni betri ndogo ya duara kama sarafu. Juu yake imeandikwa CR2032, nayo ina volti 3. Ni kipuri cha bei ndogo. Asikuambie mtu kwamba madabodi imekufa kwa sababu hiyo.

6. Diski inagonga ka-ka-ka. Zima mara moja. Usiendelee kuiwasha-washa. Mtafute mtu anayejua kunakili kumbukumbu kabla haijakata roho.

Unaona mpangilio huu? Tunaanza na vitu rahisi, tunamaliza na vitu vya gharama. Prosesa huwekwa mwisho kabisa, kwa kuwa ndiyo hufa mara chache. Fundi anayeanza na prosesa, mwulize lile swali: Umejuaje?

JARIBU KWA KUAZIMA

Njia nzuri ya kujua kipuri kilichokufa ni kuazima kizima. Kama shule ina kompyuta ya aina ile ile, waombe pawa saplai yao kwa nusu saa. Ifungwe kwenye kompyuta yenu. Ikiwaka, mmekwisha jua.

Lakini angalia njia. Chukua kipuri kizima ukipeleke kwa kompyuta mgonjwa. Usichukue pawa saplai inayoshukiwa ukaifunga kwenye kompyuta nzima ya shule. Pawa saplai mbovu huweza kuua madabodi nzima, na hapo mtakuwa na wagonjwa wawili.

KILA KIPURI NA NAMBA YAKE

Tairi la baiskeli namba 26 haliingii kwenye ringi namba 28, hata likiwa jipya, hata likiwa zuri namna gani. Vipuri vya kompyuta ni hivyo hivyo. Hununuliwi "kipuri kizuri". Unanunua kipuri kinacholingana. Kwa hiyo nenda dukani na kipuri kilichokufa mkononi. Kama haiwezekani, nenda na namba zake zimeandikwa.

Feni. Pima upana wake kwa rula. Feni nyingi zina milimita 80, 92 au 120. Hesabu nyaya zake: tatu au nne. Yenye nyaya nne huongeza na kupunguza mwendo kufuata joto. Soma volti, nyingi ni 12. Kama unanunua feni pamoja na mapezi yake, basi ni lazima yalingane na soketi ya prosesa, ambayo tutaieleza hapa chini.

Pesti ya joto. Kichupa kidogo hutosha mara nyingi. Kwanza futa ile ya zamani kwa kitambaa na spiriti mpaka pang'ae. Weka mpya kiasi cha punje moja ya choroko, katikati. Usipake kama siagi kwenye mkate. Ikizidi haisaidii.

Pawa saplai. Soma mambo manne.
La kwanza ni wati. Kompyuta ya kawaida ya ofisi huja na pawa saplai ya wati 200 mpaka 300 hivi. Nunua yenye wati zile zile au zaidi, usinunue pungufu. Usiogope kwamba ya wati nyingi italeta bili kubwa. Debe kubwa halikulazimishi kulijaza. Kompyuta huchukua umeme inaouhitaji tu.
La pili ni umbo. Pima urefu, upana na kimo, uone kama itaingia kwenye nafasi yake na matundu ya skrubu yatakutana.
La tatu ni plagi za ndani. Plagi kubwa ya kawaida ina matundu 24. Lakini baadhi ya kompyuta za ofisi za Dell na HP zina plagi na umbo lao wenyewe. Hizo hazikubali pawa saplai ya kawaida.
La nne ni volti. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Wa Marekani ni volti 120. Kompyuta nyingi zilizotumika huletwa kutoka nje, na baadhi ya pawa saplai zina kiswichi chekundu nyuma, kimeandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka umeme wetu, utasikia mlipuko. Kiangalie kabla ya kuchomeka!

Ramu. Juu yake pameandikwa DDR3, au DDR4, au DDR5. Kila moja ina pengo lake mahali pake, kwa hiyo moja haiingii mahali pa nyingine. Ikigoma, usiilazimishe. Utavunja madabodi. Angalia ile ya zamani, nunua iliyoandikwa vile vile.

Prosesa. Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa fedha, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Siku moja nilitumwa kununua prosesa ya kompyuta ya kituo chetu. Nilijua jina moja tu, i5. Muuzaji akaniambia, "Bwana Mwalimu, i5 ni i5, chukua." Nikachukua. Kufika kituoni, haikuingia. Nikarudi dukani siku ya pili kwa nauli yangu. Muuzaji akanionyesha karatasi ukutani: kilichouzwa hakirudishwi. Kipuri kile ninacho mpaka leo. Ninakitumia kufundishia.

Kosa langu lilikuwa kusoma jina na kuacha namba. Prosesa za Intel huandikwa hivi: i5-2400, i5-4570, i5-6500. Zote ni i5. Lakini namba ya kwanza baada ya kile kistari ndiyo kizazi chake. Ya kwanza ni kizazi cha 2, ya pili ni cha 4, ya tatu ni cha 6. Ikiwa namba zina tarakimu tano, kama i5-10400, basi tarakimu mbili za kwanza ndizo kizazi. Hiyo ni ya kizazi cha 10. Na kila kizazi kina soketi yake, yaani kiti chake kwenye madabodi:

Kizazi cha 2 na cha 3: soketi 1155.
Kizazi cha 4: soketi 1150.
Kizazi cha 6, 7, 8 na 9: soketi 1151.
Kizazi cha 10 na 11: soketi 1200.
Kizazi cha 12, 13 na 14: soketi 1700.

Namba hizo ni idadi ya vidoa vya mguso vilivyo chini ya prosesa. Na hata soketi ikilingana, uliza tena. Madabodi nyingi za kizazi cha 6 na 7 hazikubali prosesa ya kizazi cha 8 wala cha 9, ingawa zote husemwa ni 1151. Prosesa za kampuni ya AMD nazo zina soketi zake, kama AM4 na AM5. Haziingiliani kabisa na za Intel.

Madabodi. Hii ndiyo nyumba ya wote. Ukiibadilisha, ni lazima mpya ikubali prosesa yako, ikubali ramu yako, iingie kwenye kasha lako, na ikubali plagi za pawa saplai yako. Mambo manne. Likikosekana moja, utaanza kununua kingine na kingine.

Diski. Kama imekufa, siku hizi kuna diski isiyozunguka ndani, inaitwa SSD. Hutoa joto kidogo na haivunjiki upesi ikitikiswa. Kompyuta yenye plagi za diski zinazoitwa SATA huweza kuitumia. Mwulize fundi kama yenu ni ya plagi hizo.

PIGA HESABU KABLA YA KUNUNUA

Bei hubadilika kila siku na kila mji. Kwa hiyo bei za hapa ni za mfano tu, ili tujifunze hesabu.

Tuseme kompyuta nyingine kama yenu, iliyotumika, inauzwa shilingi 350,000.

Matengenezo ya kwanza:
Pawa saplai, shilingi 45,000.
Feni, shilingi 20,000.
Pesti, shilingi 5,000.
Ufundi, shilingi 20,000.
Jumla, shilingi 90,000.

Hapo tengeneza. Ni karibu robo ya bei ya kompyuta nyingine.

Matengenezo ya pili:
Madabodi, shilingi 150,000.
Prosesa, shilingi 70,000.
Pawa saplai, shilingi 45,000.
Ufundi, shilingi 30,000.
Jumla, shilingi 295,000.

Hapo simama kwanza. Utatumia karibu bei ya kompyuta nzima, na bado kasha, feni na diski ni vya zamani. Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: gharama zikizidi nusu ya bei ya kompyuta nyingine, peleka jambo kwenye kamati mlijadili upya. Pengine ni afadhali kununua nyingine, na kuhamishia humo diski yenu au kumbukumbu zake.

UKIWA DUKANI

Usiende peke yako kama fedha ni za chama. Nendeni wawili, na mmoja awe anayejua kusoma vizuri. Ulizeni bei maduka mawili au matatu. Linganisheni namba za kipuri na namba za karatasi yenu, tarakimu kwa tarakimu. Ombeni kijaribiwe mbele yenu. Ulizeni: "Kikikataa, ninarudisha kwa siku ngapi?" Jibu liandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya kipuri. Neno la mdomo hupeperuka.

Kipuri kilichotumika si kibaya chote. Ramu na prosesa zilizotumika huweza kudumu sana. Lakini feni na pawa saplai ni vitu vinavyochakaa. Kama fedha ipo, hivyo vinunueni vipya.

KINGA

Yule mama mtunza fedha alihuzunika sana alipojua kwamba kitambaa chake ndicho kilichoziba hewa. Lakini hakuwa na kosa. Hakuna aliyemwambia. Sasa yeye ndiye anayewafundisha wengine. Hivi ndivyo ofisi yao inavyofanya siku hizi:

Kompyuta iko juu ya meza, mbali na mlango wa ghala.
Nyuma yake na ukuta pana nafasi ya shubiri moja, hewa ipite.
Kitambaa hufunikwa jioni tu, kompyuta ikiwa imezimwa na kupoa. Asubuhi huondolewa kabla ya kuwasha.
Msimu wa pamba husafishwa kwa brashi kila mwezi.
Ikijizima yenyewe, hairudishwi kazini mpaka sababu ijulikane.
Kila Ijumaa hesabu hunakiliwa kwenye flashi mbili. Moja hukaa kwa mtunza fedha, nyingine kwa katibu.
Na lile daftari kubwa la zamani halikutupwa. Kila mkulima bado anaandikwa humo kwa kalamu.

Kwenye mkutano mkuu mama yule alisimama akasoma mbele ya wanachama risiti tatu, moja baada ya nyingine, kwa sauti. Pawa saplai. Feni. Pesti. Akataja jumla, akaonyesha vipuri vilivyokufa mezani. Mzee mmoja akauliza kama hesabu zake za pamba zimo. Mama akaenda kwenye kompyuta, akasoma kilo zake. Mzee akatoa kikaratasi chake cha mizani mfukoni, akalinganisha. Zikawa sawa. Akakaa.

MAANA YA MANENO

Diski: kipuri kinachotunza kumbukumbu hata kompyuta ikizimwa.
Kapasita: kipipa kidogo cha umeme juu ya madabodi.
Madabodi: ubao mkuu unaobeba vipuri vyote.
Pawa saplai: kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta.
Pesti ya joto: dawa nyembamba inayopakwa kati ya prosesa na mapezi.
Prosesa: kipande kinachofanya hesabu zote za kompyuta.
Ramu: kibao kinachoshika kazi ya wakati ule tu. Umeme ukikatika, husahau.
Soketi: kiti cha prosesa kwenye madabodi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kompyuta ya zahanati inajizima kila mchana, na ikipoa inawaka. Je, prosesa yake imekufa? Eleza sababu.
2. Kwa nini si vizuri kufunga pawa saplai inayoshukiwa kwenye kompyuta nzima?
3. Muuzaji anakuletea prosesa i5-4570. Madabodi yenu ni ya soketi 1155. Utanunua? Kwa nini?
4. Kompyuta nyingine inauzwa shilingi 400,000. Fundi anataka shilingi 230,000 za matengenezo. Je, imezidi nusu? Kamati yenu ingeamua nini?
5. Katika kijiji chenu, kompyuta iko wapi? Nendeni mkaitazame. Je, inapata hewa?